Sharafa na Wembe

Sharafa ni nywele zisizo na kwao. Mtu akizitazama kutoka juu huziona kuwa ni mkia wa nywele za kichwa, na akizitazama kutoka chini huziona kuwa ni mwanzo wa ndevu. Nywele za kichwa zina mpaka wao nyuma, ambao ni ukosi. Masharubu yana mdomo, na ndevu zina taya na kidevu. Lakini sharafa huteremka mbele ya sikio bila ya alama yoyote ya maumbile iziambiayo zikome wapi. Mahali pa kukoma huamuliwa na mtu, na mwenye kuamua ni yule aliyeshika wembe.

Kwa sababu hii kazi ya kukata sharafa hudharauliwa na wale wasioifanya. Hudhaniwa kuwa ni kazi ya dakika mbili mwishoni, baada ya kichwa kwisha kunyolewa, kama vile kufagia ua baada ya karamu. Lakini mtazame mtu aliyetoka sasa hivi kitini pa kinyozi. Jambo la kwanza alifanyalo mbele ya kioo si kutazama kisogo chake, ambacho hawezi kukiona, wala utosi wake. Hugeuza uso kulia, hugeuza kushoto, kisha hutazama mbele na kupima kwa jicho kama pande mbili zimelingana. Zikiwa hazikulingana, ustadi wote uliotangulia umepotea bure, na mtu huyo atatembea juma zima akihisi kuwa kila anayesema naye anamtazama penye kasoro.

Katika Kiingereza sharafa zimepewa jina litokanalo na mtu. Mtu huyo ni Jenerali Ambrose Burnside wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1824 akafa mwaka 1881. Alinyoa kidevu chake, akaziacha nywele nene zishuke mashavuni na kuungana na masharubu. Mwezi wa Desemba mwaka 1862 alivipeleka vikosi vyake kuukabili mlima uliolindwa vema na adui huko Fredericksburg, katika jimbo la Virginia, na askari zaidi ya 12,000 wa upande wake waliuawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Baada ya vita alikuwa gavana wa Rhode Island na mjumbe wa Baraza la Seneti. Ushinde wake wanaukumbuka wanahistoria, na ugavana wake hawaukumbuki wengi; mashavu yake yanatajwa kila siku na watu wasiojua kuwa wanamtaja yeye. Baadaye hata jina lenyewe walilipindua, kilichokuwa mwisho kikawa mwanzo. Ni mzaha mkali, lakini labda jenerali mwenyewe angaliupokea kwa furaha kuliko kukumbukwa kwa Fredericksburg.

Turudi penye kipimo, maana ndiko kwenye ugumu. Wajenzi wamejaliwa timazi na pima maji. Kinyozi hana chombo cha namna hiyo, na hata angalikuwa nacho kisingalimfaa, kwa kuwa uso wa mtu si ukuta. Wanafunzi wa unyozi hufundishwa kulitumia sikio: sharafa fupi ikome penye kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, ya wastani ikome katikati ya sikio, ndefu ifike penye ndewe. Ni mafundisho mazuri kwa siku ya kwanza. Siku ya pili mwanafunzi hugundua kuwa masikio ya watu hayakupachikwa kwa kipimo kimoja. Sikio moja aghalabu huwa juu kidogo kuliko lenzake, na wanaovaa miwani wanalijua sana jambo hili, kwa sababu miwani yao hulala upande. Mwenye kufuata masikio hupata sharafa zilizo sahihi kwa kuhesabu na kombo kwa kutazama.

Vinyozi wenye uzoefu huliacha sikio wakaenda mbele ya uso. Humketisha mtu wima, kidevu kikiwa hakikuinuliwa wala hakikuinamishwa. Husimama mbele yake, si ubavuni, na huweka ncha za vidole viwili vya shahada penye mwisho wa kila sharafa. Hapo jicho huona vidole viwili badala ya nywele mia, na tofauti iliyojificha hujitokeza. Kisha hukatwa ile iliyo ndefu. Neno hili laonekana dogo mno kustahili kuandikwa, lakini ndilo linalovunjwa kila siku. Mtu ajikatiaye sharafa nyumbani huanza upande wa kulia, akapita kidogo. Huenda kushoto ili kusawazisha, akapita tena. Hurudi kulia. Wembe hutwaa, haurudishi. Na kwa mwendo huo sharafa hupanda sikioni kama maji yapandavyo mtoni, hata mwisho bwana yule hubaki na mashavu matupu na mstari mweupe juu ya sikio, akiwa amepata usawa kwa sababu hapana kitu cha kutofautiana.

Methali isemayo kuwa kinyozi hajinyoi hutumiwa kueleza kuwa watu huhitajiana. Katika sharafa ina maana iliyo karibu zaidi. Mwenye kujinyoa humwona mtu wa kioo, ambaye kulia kwake ni kushoto. Mkono wake mmoja una ustadi na wa pili ni mgeni. Na akigeuza uso ili aone shavu, ile sura ya mbele aliyokuwa akiipima imekwisha kuondoka. Jean-Jacques Perret, mfua visu wa Paris, aliona umuhimu wa kuwafundisha watu kujinyoa wenyewe, akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1769. Alifikiria pia wembe wenye kipande cha ubao cha kuzuia makali yasizame katika ngozi. Kuwa mfua visu alihitaji kutwaa kalamu kueleza kazi ambayo kila mwanamume huidhani rahisi ni ushahidi wa kutosha kuwa si rahisi.

Wembe unaosemwa hapa ni ule wa zamani, wa bapa moja refu linalokunjwa ndani ya mpini wake. Chuma chake kina habari yake. Kwa muda mrefu chuma cha Ulaya kilikuwa na takataka ndani yake na ugumu usiolingana, hata katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman, mtengenezaji wa saa, alipotafuta chuma bora kwa kamani za saa zake, akakiyeyusha katika vyungu vya udongo huko Sheffield, Uingereza. Chuma hicho kilishika makali membamba bila kumeguka. Sheffield, na baadaye Solingen ya Ujerumani, ikawa miji ambayo majina yake yalisomwa na watu wa mbali mno, yamechorwa penye shingo ya wembe.

Wembe wa namna hii hauendi kazini kama ulivyo. Hunolewa juu ya jiwe, mgongo na makali yakigusa jiwe pamoja, hivyo mgongo ndio unaoyalinda makali yasiinuke wala kulala kupita kiasi. Kabla ya kila kunyoa hupitishwa juu ya ukanda wa ngozi, na hapo mwendo ni kinyume: mgongo hutangulia na makali hufuata. Asiyejua hili huukata ukanda na kuharibu wembe kwa mkono mmoja. Methali inayosema mtoto akililia wembe apewe, yamkini ilitungwa na mtu asiyekuwa kinyozi. Kinyozi humpa mtoto ukanda kwanza, naye huulilia wembe kwa miezi.

Ngozi nayo hutayarishwa. Unywele mkavu ni mgumu. Ukilowa maji ya moto kwa dakika mbili tatu hunywa maji na kulainika. Povu hupakwa, lakini penye mpaka wa sharafa kinyozi mzuri hulipangusa akaacha unyevu tu, kwa sababu povu likizidi huuficha mstari, na mstari usioonekana haukatwi bali hubahatishwa. Mkono wa kushoto huvuta ngozi kwenda juu hata ikaze. Mkono wa kulia huulaza wembe, mgongo ukiwa umeinuka kiasi cha digrii 30 hivi. Ukilala zaidi huvuta nywele badala ya kuzikata. Ukisimama zaidi hukata ngozi. Makali huwekwa penye mstari wenyewe, kisha huteremshwa kwa kipigo kifupi, kama upana wa kidole, huinuliwa, hupanguswa, hurudishwa. Ncha ya wembe ndiyo yenye hatari, kwa maana jicho hulitazama bapa na kuisahau ncha, nayo ncha hukumbuka kuwa sikio li karibu.

Kwa nywele za Waafrika walio wengi kuna sharti lingine. Nywele hizi hujikunja tangu ndani ya ngozi. Zikikatwa kwa kwenda kinyume cha uotaji wake, au ngozi ikivutwa mno na zikakatwa chini ya uso wake, ncha iliyochongwa na wembe hujipinda ikaingia katika ngozi upya, na hapo huzuka vipele vyenye kuuma ambavyo vikikunwa huacha madoa meusi. Mtu huomba sharafa yenye mpaka safi, akarudi baada ya siku nne na mpaka wa vipele. Kwa hiyo chini ya mstari wembe hushuka tu, haupandi. Kijana hupenda ngozi laini kama kioo, na kinyozi mwenye huruma humnyima kidogo ya kile anachokipenda. Kisha hupaka shabu, ambayo huwasha kwa muda mfupi na kufunga vijeraha visivyoonekana.

Fasihi imependa sana wembe uliopo shingoni. Mwaka 1950 mwandishi wa Colombia, Hernando Téllez, alitoa hadithi fupi juu ya kinyozi ambaye kwa siri ni mfuasi wa waasi, naye anamnyoa kapteni aliyewaua wenzake. Msomaji hushika pumzi, kwani kipigo kimoja chatosha. Hadithi za namna hii ni nzuri, lakini zimewazoesha watu kufikiri kuwa imani aipewayo kinyozi ni imani ya uhai tu. Kwa hakika ni watu wachache waliowahi kuketi mbele ya kinyozi aliyetaka kuwaua. Wengi zaidi wameketi mbele ya kinyozi ambaye mkononi mwake palikuwa na kitu kingine, yaani namna watakavyoonekana na watu watokapo nje.

Palikuwa na kinyozi mjini Tanga, upande wa Ngamiani, ambaye kwa miaka mingi alimnyoa mzee mmoja aliyekuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge. Mzee huyu alikuja kila Alhamisi jioni. Alitaka sharafa za wastani, zenye ncha iliyokatwa mraba, na alizikagua kama alivyokuwa akikagua uzito wa marobota. Ikatokea kuwa hakuonekana kwa majuma mengi. Aliporudi aliletwa na binti yake, akiwa amemshika mkono, kwa kuwa kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Mkono ulikuwa umelegea, pembe ya mdomo ilikuwa imeshuka, na shavu lilining'inia.

"Shikamoo, baba," alisema kinyozi.

"Marahaba," alijibu mzee kwa ulimi mzito. Akaketi.

Mtu asiyenyoa hawezi kujua ni kwa kiasi gani mwenye kunyolewa hufanya kazi pamoja na kinyozi. Hujaza shavu pumzi, huvuta mdomo upande, hukaza taya, na wembe ukiuma hushtuka kidogo hata kabla hajajua kuwa ameumia. Mshtuko huo ndio lugha ya kitini. Shavu la kushoto la mzee yule lilikuwa halisemi tena. Kinyozi alilibonyeza kwa kidole, akauliza, "Nikikukata hapa, baba, utasikia?" Mzee akatikisa kichwa kuwa hapana.

Kinyozi aliuweka wembe juu ya meza. Kisha akaupiga tena ukandani, ingawa alikuwa amekwisha kuupiga. Desturi yake ilikuwa kuanzia kushoto, lakini siku ile alianza kulia, ili mkono wake ujifunze upande ulio mzima kiasi cha nguvu ambacho upande mgonjwa usingaliweza kumwambia. Alipofika kushoto alilivuta shavu kwa vidole vitatu, akafanya kipigo kifupi kuliko vyote, akatazama kama pametoka damu, akaendelea hivyo. Kazi ya dakika mbili ikachukua robo saa. Wateja waliokuwa wakingoja bengini walinyamaza, na hapana aliyelalamika.

Alipomaliza, sharafa zote mbili zilikoma katikati ya sikio kama ilivyokuwa miaka yote. Akasimama mbele, akaweka vidole vyake viwili, akatazama, asiridhike. Akamwita yule binti. "Mwanangu, hebu simama pale mlangoni, umtazame baba yako, uniambie unaona nini."

Binti alisimama, akatazama, akaona haya kusema. Mwisho akasema, "Kushoto kama kumeshuka."

Hapakuwa pameshuka. Sharafa zilikuwa sawasawa. Lakini kila kitu kingine cha upande ule kilikuwa kimekwenda chini, mdomo na shavu na kope, na jicho la mtazamaji liliipeleka sharafa pamoja navyo. Kinyozi aliinamia tena, akaipandisha ile ya kushoto kwa unene wa njiti ya kiberiti. Akamtazama binti. Binti akaitikia kwa kichwa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Mzee akaomba kioo. Alijitazama kwa muda mrefu, kama mtu asomaye barua ya pili kwa kuwa ya kwanza hakuiamini. Kisha akakiinua kidole chake cha kulia, akapima mwenyewe penye sikio, huku na huku. Karani wa mizani hasahau kazi yake. "Si sawa hizi," alisema.

"Kwa rula si sawa, baba," alijibu kinyozi. "Kwa macho ya watu ni sawa."

Mzee akafikiri. "Basi umeiba mizani," akasema, na nusu ya mdomo wake ikacheka.

Yawezekana kubishana juu ya jambo hili, na wapo watakaosema kuwa karani alikuwa na haki. Kipimo kikigeuzwa kwa ajili ya huruma, leo ni njiti ya kiberiti na kesho ni ratili nzima. Karani aliyewalipa vibarua kwa mizani ya uongo angaliweza kusema vilevile kuwa aliwahurumia wenye shamba. Ubishi huu una nguvu, lakini umesahau sharafa ni kitu gani. Uzito wa robota upo hata kama hapana anayelitazama. Sharafa iko kwa ajili ya kutazamwa, wala haina kazi nyingine duniani. Kuipima kwa sikio ni kuipima kwa kitu kisichohusika, na kinyozi aliyeshikilia sikio angalikuwa mwaminifu kwa mfupa na mwongo kwa mtu. Tena hakuficha. Alipoulizwa alisema alichokitenda, na mwenye uso angaliweza kumwamuru azirudishe sawa kwa kukata ile ya kulia. Hakumwamuru, na Alhamisi iliyofuata alikuja tena.

Wembe wa aina ile umetoweka sasa katika sehemu nyingi. Kwanza ulipunguzwa nguvu na wembe mwembamba wa kutupwa, ambao King Camp Gillette alipewa haki yake nchini Marekani mwaka 1904. Kisha ukaja ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na matangazo ya afya yakawaonya watu wasishirikiane sindano wala nyembe. Onyo lilikuwa la haki, na si kwa UKIMWI peke yake, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na tone lisiloonekana latosha. Wembe mmoja uliopita katika mashavu ya mtaa mzima, ukapanguswa kwa kitambaa kimoja, ulikuwa na hatari ambayo hapana ukanda uliyoweza kuinoa ikaondoka. Wanaoulilia wembe wa zamani hupenda kulisahau jambo hilo.

Siku hizi sharafa hukatwa kwa mashine ya umeme, nayo ni ya haraka na haitoi damu kwa urahisi. Lakini meno ya mashine huacha kivuli cha nywele chini ya mstari, na wapo wateja ambao kivuli hicho huwakera. Hao huomba wembe. Kinyozi hutoa mpini wenye kishikio, huchukua pakiti mpya, huifungua mbele ya macho ya mteja, huuvunja wembe mwembamba vipande viwili na kupachika kimoja. Mteja huitazama kwanza pakiti, kisha mikono, ndipo hukiweka kichwa sawa. Mashine iliyozimwa huning'inia kwenye waya wake ukutani, na kinyozi humwambia asizungumze.